Mkanda wa Dirishani

Gereji ilimjua kama mtu asiyelaza kazi. Ukimpelekea gari asubuhi linakohoa, jioni unalikuta limetulia, vioo vimefutwa, na yeye ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai kwa raha zake. Wateja walimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wa mtaa ule walikuwa wapita njia. Nyumbani kwake alikuwa na jina jingine. Nyumbani aliitwa Bwana Kesho, na aliyempa jina hilo ni mke wake mwenyewe.

Hakuonewa. Bomba la jikoni lilidondosha maji, akaulizwa, akasema kesho. Mlango wa chumbani ulilia kila ukifunguliwa, naye, huku viganja vimejaa grisi ya magari ya watu, akasema kesho atautia grisi. Dirisha la jikoni, lile la kusukumwa juu, lilikuwa halikai. Unalipandisha, unageuka kuchukua sufuria, linashuka lenyewe kwa kishindo. Siku hiyo angalau alifanya kitu. Alilitazama dirisha, akatupa macho huku na huku, akaona boksi la spea juu ya kabati, akalisimamisha chini ya dirisha likawa nguzo. "Kwa leo litakaa hivyo," akasema. Leo hiyo haijulikani ilikwisha lini.

Ndani ya boksi lile mlikuwa na mkanda wa taimingi. Kwa asiyejua mambo ya injini, huo ni mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani, unaojificha nyuma ya kifuniko cha plastiki. Chini ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka. Juu kuna valvu zinazofunguka na kufunga. Mkanda ndio unaozipatanisha, ili huyu akija yule awe amepisha. Ukikatika, maelewano yamekwisha. Injini nyingine zina nafasi ya kutosha, basi kila kitu husimama salama. Nyingine hazina, na hapo pistoni hupanda zikazigonga valvu, valvu zikapinda, na kazi yake ni kufungua injini kichwa kizima na kusubiri spea mpaka uchoke. Na ubaya wa mkanda huo ni upole wake. Haupigi kelele, hautoi moshi, haudondoshi mafuta. Unazeeka kimyakimya mpaka siku yake ifike.

Fundi aliununua kwa ajili ya Kobe, gari dogo jeupe la mke wake. Mke wake alikuwa mwalimu wa udereva, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Kobe ndiye aliyekuwa shule yake yote, na jina alilipata kwa mwendo wa wanafunzi. Fundi alikuwa anajua fika kwamba mkanda wa Kobe umekula chumvi nyingi. Mpya aliupeleka nyumbani kwa makusudi, maana angeuacha gereji ungechukuliwa na mteja wa kwanza mwenye uso wa huzuni. Hakuwa na ubavu wa kumwambia mteja hapana. Kwa hiyo aliuficha mbali na huruma yake mwenyewe. Aliuficha vizuri mno.

Sasa tumlete mama mkwe. Alikuwa mjane, fundi cherehani mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani minene na maneno machache. Fundi alimheshimu kupita kiasi. Hakuwahi kumpinga kwa lolote. Akileta keki iliyoungua chini, Fundi anakula vipande viwili na kusema, "Mama, leo umejipiku." Kuna wakati alileta keki aliyosahau kuitia sukari, na Fundi akaisifu kwamba haichoshi ulimi. Mke wake alikuwa akimtazama tu.

Huyu mama mkwe, katika umri ambao wenzake walikuwa wanaacha hata kupanda ngazi, alitangaza kwamba anataka kujifunza gari. Alinunua viatu vyepesi vya raba vya kuendeshea, akavitia katika mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, akaja kwa binti yake akaketi nyuma ya usukani. Hakuna aliyemuuliza sababu. Wote walidhani ni burudani ya uzeeni, wakafurahi naye.

Alijifunza vizuri, ila alikuwa na tatizo moja: hafanyi lolote mpaka aambiwe. Gia ya pili, Mama. Punguza mwendo, Mama. Sasa ingia, Mama. Mtihani ulikuwa mwishoni mwa wiki, nao ulifanywa kwa gari la shule, yaani Kobe, na mtahini hamwambii mtu aingie lini. Ndiyo maana siku ile, walipofika kwenye mzunguko wa barabara, magari yanatiririka, Mwalimu alijiuma ulimi akanyamaza. Mama mkwe akangoja aambiwe. Hakuambiwa. Akatazama upande huu, akatazama ule, akaona nafasi, akabadili gia mwenyewe, akaingia. Uso wake wote ulichanua.

Katikati ya mzunguko, Kobe akazima.

Hakukuwa na kishindo. Ilisikika "pap" hafifu, kisha kimya, kisha honi za dunia nzima. Mwalimu akampigia mumewe simu.

"Weka simu karibu na boneti, halafu upige stata," Fundi akasema.

Injini iliyo nzima ikizungushwa na stata huhema. Unaisikia inajikokota, inasukumana na pumzi yake. Hii ilizunguka mbio, laini, bila kuhema hata kidogo. Fundi akaacha spana aliyokuwa ameishika.

"Acha! Usiguse tena ufunguo!"

"Kwani kuna nini?"

Machoni pa Fundi halikuwepo gari. Lilikuwepo dirisha la jikoni.

Kobe alivutwa mpaka gereji, na jioni ile watu watatu wakakutana jikoni. Mwalimu hakupiga kelele. Alikuwa na sauti moja ya kazini, tulivu, ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko matusi.

"Baba watoto," akasema, "angalia kioo."

"Kioo gani?"

"Kioo chochote. Umeangalia? Unamwona aliyeniharibia gari?"

Fundi akainamisha kichwa. Lakini kilichomnyong'onyeza zaidi ni mama mkwe, aliyekaa kwenye kona ya meza na mfuko wake wa kitambaa mapajani. Alikuwa amevua viatu vya raba, amevifuta vumbi, amevirudisha mfukoni. Akausukuma mfuko kwa binti yake.

"Mpe mwanafunzi mwingine," akasema. "Mtu ajue saizi yake. Mara ya kwanza nimejiamulia jambo, nimeliua gari la mwanangu."

"Mama, si wewe," Fundi akarukia. "Ni mimi. Mkanda wa ndani ulikuwa umechakaa, nilijua, nikapuuza. Ungekatika tu."

Mama mkwe akamtazama kwa huruma.

"Mkwe wangu, una adabu. Nimekuwa nikiwaambia watu hivyo siku zote."

"Si adabu, Mama! Ni ukweli!"

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu keki isiyo na sukari."

Mwalimu akaingilia. "Mama, safari hii hana adabu yoyote. Ni kweli kabisa, ni uzembe wake."

"Na wewe unamtetea mumeo. Ni vizuri."

Mwalimu, ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kosa hilo, alibaki mdomo wazi. Fundi akaona maneno hayasaidii. Akaenda dirishani, akalishika boksi, akalichomoa. Dirisha likashuka kwa kishindo, vikombe vikatikisika. Akaweka boksi mezani, limepauka kwa jua, akalifungua, akautoa mkanda, mweusi, mzima, haujawahi kuona injini.

"Huu hapa. Umeshikilia dirisha badala ya kuwa kwenye gari."

Mama mkwe aliutazama. Halafu akatikisa kichwa.

"Sawa, ulichelewa. Lakini wanafunzi wote wale wamelikanyaga gari lile kama wanakanyaga siafu, halikuzima. Nimekuja mimi, nimebadili gia kwa akili yangu, limezima. Unaniambia mkanda ulikuwa unanisubiri mimi?"

Akashika pochi yake akaondoka. Mfuko wa viatu ukabaki mezani.

Usiku ule usingizi wa Fundi ulikuwa wa vipande vipande. Maisha yake yote alikuwa amejivunia kwamba hajawahi kumkwaza mama mkwe, na leo alihitaji mama yule aamini neno lake moja tu, na hana hata senti ya kuaminika. Amekuwa akimvika kilemba cha ukoka kwa kila keki. Na lilikuwapo jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Injini ya Kobe haikuwa ile aliyotoka nayo kiwandani. Fundi mwenyewe aliifunga, imetolewa kwenye gari lililogongwa, na hakuwahi kuifungua ndani. Hakujua kama ni ya zile zenye nafasi au zile zisizo na huruma. Kama valvu zimepinda, mtihani umekwenda na maji, na mama mkwe hatashika usukani tena mpaka anaingia kaburini.

Siku iliyofuata ilikuwa sikukuu, gereji imefungwa, wenzake wako majumbani. Alikwenda kwa mama mkwe, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Safari hii hakusifu kitu.

"Mama, naomba unisaidie kazi. Nahitaji mikono isiyo na papara."

"Mikono yangu?"

"Ya Mwalimu imekasirika bado."

Mama mkwe akacheka kidogo, bila kupenda, akachukua miwani yake ya kushonea.

Kule gereji Fundi alimwekea kiti pembeni ya Kobe, akampa tambara safi la kufutia mikono. Akapandisha gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akatoa mikanda ya nje, akalegeza puli, akaondoa kifuniko cha plastiki. Kila bolti aliyoitoa alimpa mama mkwe, naye akazipanga juu ya tambara kwa ukubwa wake, kama alivyozoea kupanga vifungo vya nguo. Hatimaye Fundi akachomoa mkanda wa zamani uliokatika, akampa mkononi. Aliogopa hata kukohoa, isije ikaonekana adabu.

Mama mkwe akavaa miwani. Akaukunja mkanda, na mgongoni nyufa zikafunguka moja baada ya nyingine. Akapitisha kidole upande wa meno. Mahali pengine yapo, mahali pengine yamesagika, pamebaki laini. Akausogeza puani, akaunusa.

"Cherehani yangu ya miguu ilikuwa na mkanda wa ngozi," akasema taratibu. "Ulikatika nikishona gauni la bibi harusi, watu wamekaa wanasubiri. Nililia. Nilidhani nimekanyaga vibaya. Nilipouokota, ulikuwa na nyufa hizi hizi." Akaukunja tena. "Huu haukukatika jana. Huu ulikuwa unakatika siku zote."

"Ndiyo, Mama."

"Ungeweza kumkatikia mtu yeyote."

"Hata Mwalimu mwenyewe."

"Basi si mimi."

"Si wewe."

Mama mkwe akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. Fundi naye akaanza kutabasamu, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu miwani ile minene ikamgeukia.

"Na wewe ulijua umechoka."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu dirisha lianze kukaa wazi."

"Aha." Akauweka mkanda mapajani. "Unajua kwa nini nilianza kujifunza gari?"

Fundi akataka kusema kitu cha kuchekesha, akakikosa.

"Mdogo wangu kule nje ya mji hawezi kutembea siku hizi. Nilikuomba unipeleke. Ukaniambia kesho, Mama. Kwa adabu kabisa, na kiti ukanivutia nikae. Nikakuomba tena. Kesho, Mama. Nikaona nikiingoja kesho yako nitamkuta mdogo wangu hayupo. Ndipo nikaenda kununua viatu."

Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa nafuu. Aibu ilimpanda Fundi kutoka miguuni mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuitafutia mzaha. Alikumbuka kiti alichomvutia. Alikumbuka hata alivyojiona mkwe mwema siku ile.

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe gari likiwaka. Endelea."

Akaendelea. Akaweka alama zake kwenye magurudumu ya meno, ya chini na ya juu, kwa rangi ya kucha ya mke wake, nyekundu, kwa sababu aliamini hakuna rangi inayong'ang'ania chuma kama ile, na kwa sababu hiyo Mwalimu hakuwahi kuona chupa ya rangi ikifika mwisho kwa kucha zake. Akavisha mkanda mpya. Akakaza. Akahakikisha alama zimetazamana, akatoka, akarudi akahakikisha tena. Kisha akatia spana ndefu kwenye bolti kubwa ya chini, akampa mama mkwe mpini.

"Kabla ya ufunguo, injini inazungushwa kwa mkono. Polepole. Valvu na pistoni zikigongana, mkono utasikia. Ukikutana na ugumu wa chuma kwa chuma, simama."

"Kama sindano ikigonga bamba."

"Hivyo hivyo."

Mama mkwe akasimama, akakunja mikono ya gauni, akasukuma. Spana ikasogea, ikasogea, kisha ikasita. Akaacha papo hapo.

"Inakataa."

Fundi akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mama mkwe, wakasukuma pamoja, kidogo tu. Spana haikugonga. Ilisukumana nao kilainilaini, halafu, fyuu, ikalegea ikapita. Fundi akakaa chini kwenye sakafu yenye mafuta akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini wewe?"

"Inahema, Mama! Hiyo ni pumzi imebanwa ndani. Valvu ikipinda haibani pumzi. Sukuma tena."

Akasukuma tena, ikasita tena, ikahema, ikapita. Ikaja ya tatu, ikaja ya nne, zote zinahema. Mama mkwe akawa anasukuma sasa kwa uchu, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, kila ikihema anasema, "Haya!" Fundi alifurahi mpaka machozi yakamlenga, na hakuyaficha.

Alipomaliza kurudisha vifuniko na gurudumu, akafungua mlango wa dereva, akasogea pembeni. Mama mkwe akachungulia ndani. Chini, mbele ya pedeli, viatu vya raba vilikuwa vimepangwa jozi, vinamsubiri. Akamtazama mkwewe. Akavua ndala zake, akavaa viatu, akafunga kamba kwa fundo la fundi cherehani, lile lisilofunguka. Akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo bila kuambiwa.

Kobe akawaka.

Mtihani aliufaulu. Mtahini alimwambia anaendesha kwa uangalifu mno, naye akamjibu kwamba hata mtahini angekuwa mwangalifu kama angeyaona aliyoyaona yeye. Dirisha la jikoni lilitengenezwa wiki ile ile, kwa vile boksi halikuwepo tena na Mwalimu alikataa katakata kutoa kitabu chake cha alama za barabarani kishike zamu. Bomba bado linadondosha. Mtu habadiliki wote kwa mpigo.

Siku ya mapumziko mama mkwe alikuja kumchukua Kobe aende kwa mdogo wake. Fundi alikuwa ameoga mapema, amevaa shati la kutokea, anamsubiri barazani.

"Mama, leo nakupeleka. Leo, si kesho."

"Kaa nyuma," mama mkwe akamwambia.

Mwalimu alikaa mbele, mikono mapajani, midomo ameibana. Fundi alikaa nyuma, ameshikilia keki iliyoungua chini, zawadi ya mgonjwa. Mama mkwe alimuuliza kama inanukia vizuri. Fundi akafikiri kidogo.

"Imeungua, Mama."

"Najua," akasema mama mkwe, na akaonekana amependezwa sana.

Nje ya mji kuna mwinuko mkali. Walifika katikati yake, lori mbele limepunguza mwendo, mama mkwe akaachia klachi haraka, gari likashtuka, likazima. Kimya. Nyuma yao honi moja, kisha ya pili. Mwalimu alifumbua mdomo akaufumba. Fundi alishika keki kwa mikono miwili, masikio yote yako kwenye boneti.

Mama mkwe alivuta breki ya mkono.

"Hii ni yangu," akasema, bila kugeuka. "Ile ilikuwa yako."

Akawasha, akatia gia ya kwanza, na Kobe akapanda.